Sijaona na Laini Zisizopatana

Vita vilikuwa na miaka kumi, na Bujumbura ilikuwa na kampuni mbili za simu za mkononi zisizopatana hata kidogo. Mwenye laini ya kwanza hakuweza kumpigia mwenye laini ya pili. Kila kampuni ilitaka mji mzima uhamie kwake, nasi wateja tukawa kama watoto wa wake wenza waliokatazwa kula nyumba ya pili.

Sijaona, mjane wa Buyenzi, alipata riziki yake hapo. Mbele ya gereji ya kaka yake Karimu aliweka meza yenye simu mbili, moja ya kila kampuni. Aliye mbali alimpigia kwa laini yake na kumtajia anayemtaka. Sijaona alimtafuta huyo kwa simu nyingine, kisha akazishika zote mbili kichwa kwa mguu, sikio la hii kwenye mdomo wa ile, wenyewe wakazungumza. Malipo waliyaleta baadaye, na asiyeleta alisemwa sokoni mpaka akome.

Sheria yake ilikuwa moja: foleni ni foleni. Hata imamu alingoja. Tulimsifu kwa hilo, na sifa zilimkolea.

Siku moja akaja Gélase, karani wa serikali. Amri ilikuwa inaandaliwa ya kuzilazimisha kampuni ziunganishe laini, zishindane kwa bei na huduma badala ya kufungia watu. Lakini kampuni zilidai kwamba hakuna mteja aliyelalamika. Alimwomba Sijaona aje kikaoni aeleze kazi yake.

Karimu akaruka. "Apana, dada! Ukisema, utajitiya muchanga mu kitumbua yako mwenyewe. Utakula nini?"

Sijaona akakataa. Nani angemlaumu? Alikuwa na watoto wanne.

Julai makombora yakaanguka mitaa ya kusini, mchana kweupe. Ernestine, muuza mboga, alipiga akimtaka mumewe Claude, mlinzi wa nyumba huko Kinanira. Kabla Sijaona hajampata Claude, simu ya pili ikalia. Alikuwa Pierre, mwanafunzi aliyepanga Kinanira, akimtaka baba yake, mzee Népomuscène wa Gatumba.

"Mama, niunganishe na papa. Tafazali, sasa hivi."

"Ngoja kidogo, mutoto wangu. Kuna mutu mbele yako."

Akamuunganisha Ernestine na mumewe. Claude alikuwa mzima, chini ya kitanda cha bosi wake, na wakaongea kwa kirefu kama watu waliofufuka. Walipomaliza, Sijaona akampigia Pierre. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Jioni tulisikia kwamba nyumba aliyopanga ilikuwa imeangukiwa na kombora.

Sijaona alikwenda Gatumba mwenyewe kumwambia mzee. Aliporudi hakuingia ndani, alimwendea Gélase moja kwa moja, akamwambia atakuja kikaoni.

Kikaoni mabwana wa kampuni walieleza tena kwamba wateja wameridhika. Sijaona akasimama. "Pierre aliniomba baba yake, mi nikamuambia angoje. Niko na mikono mbili tu. Mutu anaongea na mutoto wake, mi niko katikati ninafanya nini?" Akakaa.

Amri ilitoka. Kampuni zilijivuta, zikatishiwa faini, na mwishowe laini zikaunganishwa. Asubuhi hiyo meza ya Sijaona ilikuwa tupu, na Karimu hakuwa na moyo wa kumwambia "nilikuambia."

Kisha akaja mzee Népomuscène, kwa miguu kutoka kituo cha basi. Akakaa, akatoa simu yake, na ya Pierre, ambayo majirani waliiokota kwenye kifusi. Akapiga kwa yake. Ile ya mwanawe ikalia mezani.

"Sasa inapita," alisema.

Aliiacha ilie mpaka ikakatika. Sijaona akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.