Nusu ya Paa

Mtaani walimwita Kenchi, kama zile mbao zinazobeba paa, na jina likamganda. Alikuwa fundi wa mapaa, mtu mwembamba, mkavu wa maneno, ambaye akiingia nyumba ya watu huangalia juu kabla ya kusalimia. Hata msibani. Watani wake walisema siku akizikwa atadai kwanza akague dari. Yeye aliamini kwamba kazi ya mtu ndiyo jibu lake, na kwa miaka mingi imani hiyo haikumtupa.

Paa bora kuliko yote aliyoyainua lilikuwa la dada yake. Shemeji yake alinunua mbao ngumu kidogo kidogo, akaziacha zikauke kivulini mpaka majirani wakamwona mbahili. Kenchi naye hakuzipandisha kwa pupa. Kila jozi ya makombamoyo, zile mbao za mteremko zinazopanda kutoka kuta mbili na kukutana kileleni, aliilaza kwanza uani, akailinganisha, na isipokubaliana akaivunja na kutafuta nyingine. Mbao hizo huegemeana. Chini yake hupita boriti, kutoka ukuta hadi ukuta, kuzuia miguu yake isiteleze kwenda nje. Hilo ndilo paa. Mabati ni nguo tu.

Shemeji alipofariki aliacha mjane na watoto wawili wa kiume, watu wazima wenye wake na kazi zao. Haukupita muda wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Sitapoteza maneno kueleza nani alianza. Watoto wanaogombea nyumba ambayo mama yao bado analala ndani yake wamekosa wote. Baada ya vikao vya kelele waligawana: mkubwa akachukua vyumba vya mbele vinavyotazama barabara, mdogo akachukua vya nyuma, pamoja na chumba cha mama. Mpaka ulipita katikati ya korido, moja kwa moja chini ya kilele cha paa.

Mkubwa alitaka kubomoa upande wake ajenge maduka. Akamfuata mjomba wake amwondolee nusu ya paa. Mdogo akatuma ujumbe kwamba upande wake usiguswe hata msumari.

Kenchi aliwaita wote wawili uani kwake. Akaegemeza vipande viwili vya ubao, kisha akaondoa kimoja ili waone kingine kinavyoanguka. Mdogo alicheka. Mkubwa hakucheka, alishuku kwamba mjomba amekwisha kununuliwa na mwenzake, na mdogo alishuku vivyo hivyo.

"Paa halina nusu, wajomba," Kenchi akawaambia. "Ama lipo zima, ama halipo."

"Mjomba, wewe ni fundi au hakimu?" mkubwa akamwuliza. "Kama umeshindwa sema. Ninao vijana wangu wa kutwa, wana mashoka."

Kenchi aliwajua vijana hao. Wangepanda juu kama watu wanaokwenda kuangua nazi, wangeanza na boriti kwa kuwa ndizo za karibu, na mzigo wote ungemshukia mwanamke aliye ndani. Akaenda kumsihi dada yake ahamie kwake. Alimkuta akikunja mashati ya marehemu, yale yale aliyoyakunja wiki iliyopita. Hakutaka kusikia. Alisema akitoka tu, yule wa nyuma atauza, na hapo hakutakuwa na nyumba ya kugombea wala ya kurudia.

"Wewe wakatalie tu, kaka," alisema. "Wakikosa fundi wataogopa. Wakiogopa, watakaa chini waongee."

Kenchi hakuwaamini wapwa zake kiasi hicho. Pengine hapo alikuwa na haki. Alirudi nyumbani, akanoa msumeno.

Kazi aliifanya vizuri kupita kiasi. Alisimamisha mirunda, miti ya kuegemezea kwa muda, kando ya korido, upande wa mdogo, akaipitishia mti juu yake mpaka ukashika kilele chote. Ndipo akakata, jozi baada ya jozi, akishusha kila mbao kwa kamba. Vijana wa kutwa walizipokea chini wakimtania kwamba angekuwa daktari angempasua mtu bila kumwamsha. Dada yake alikaa chumbani na mlango wazi, hakutoka kutazama.

Paa lilisimama.

Na kwa kuwa lilisimama, kila alichokuwa amewaambia kikageuka uongo. Mdogo alizunguka nyumba, akaligonga bati kwa fimbo, akamjia akitabasamu. "Sasa mjomba, si ulisema halina nusu? Ulikuwa unatutisha bure." Kenchi alimweleza kwamba mirunda ile ni ya muda, ajenge nguzo za zege, aweke boriti mpya, azibe upande ulio wazi kabla ya mvua. Mdogo akaitikia kila neno. Ndiyo, mjomba. Sawa, mjomba. Kisha akapangisha chumba kimoja, na kabati la mpangaji likakwama koridoni. Akang'oa mirunda ya katikati. Alisema atairudisha.

Mvua ilipokuja na upepo wake, nyumba haikuanguka kwa kishindo. Kilele kilishuka taratibu, makombamoyo yakausukuma ukuta wa nyuma, na mlango wa chumba cha mama ukabana. Watu walikata nondo za dirisha wakamtoa humo kama mzigo, miguu kwanza, mbele ya majirani. Mtoto mkubwa alisimama upande wake wa mpaka akiita mashahidi. Mdogo alisimama upande wake akifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyempa mama yao shuka. Nyumba ya nyuma ilibomolewa, kiwanja kikauzwa kwa mgeni.

Dada mtu sasa anaishi kwa Kenchi, katika chumba kilichokuwa stoo ya mbao. Mara moja tu walizungumzia jambo hilo.

"Ningekataa, wangekuua," Kenchi alimwambia.

"Wangeogopa. Wewe ndiye uliyewaondolea woga."

Ujuzi ukimtumikia mkosaji, kosa linakwenda mbali zaidi kuliko ambavyo lingekwenda kwa miguu yake.

Habari za paa lile zilienea, lakini zilienea nusu. Watu walikumbuka kwamba yupo fundi anayeweza kupasua nyumba katikati ikabaki imesimama. Ya mirunda hawakuyataka. Wakaanza kumjia wenye mirathi yao. Asubuhi moja walikuja kaka na dada, hawasalimiani, kila mmoja ameketi ncha yake ya benchi. Baba yao mgonjwa analala upande wa yule dada. Kenchi aliwauliza boriti zinapita wapi, na korido ina upana gani.

"Waambie hapana," dada yake alisema kutoka mlangoni.

"Nisipokwenda mimi, dada, watakwenda wenye mashoka."

Alikuwa anasema kweli. Akachukua mfuko wa zana, akawafuata.