Mtaa Ulionitazama Nikipita

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ya wakati wa vita, na kila nikiikumbuka hutazama kwanza mlangoni. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Butembo, nafundisha darasa la kwanza. Askari waliingia na kutoka, leo hawa, kesho wengine, hata tukaacha kuuliza ni wa nani. Lakini wiki hiyo ilikuwa na utulivu, nami nilijipangia siku yangu. Nitachukua nguo kwa mshonaji, nitanunua sabuni, kisha nitakula kwa Mama Masika, mjane aliyekuwa na mgahawa mdogo kando ya barabara. Samaki wa ziwani kutoka Vitshumbi na ugali wetu wa fufu, mimi nimekaa, mtu mwingine anapika. Unacheka, lakini kwa mwalimu hiyo ilikuwa sikukuu.

Nilishuka kilimani kwa njia ya mkato, katikati ya mikaratusi, ukungu ukiwa bado mzito. Nilikuwa naimba. Baadaye niliambiwa kwamba wakati huohuo dereva wa lori alikuwa amefika mbio kutoka upande wa Kirumba, akitangaza kuwa askari wanakuja. Kule mitini habari hiyo haikunifikia.

Kwa Papa Kambale, mshonaji wetu, mlango ulikuwa wazi. Nguo yangu ilikuwa chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, wa pili unaning'inia. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka polepole. Nilipiga hodi. Gurudumu likasimama. Nikasema moyoni, ametoka kidogo nyuma, atarudi.

Kwenye duka la sabuni pia hapakuwa na mtu. Mizani ilikuwa imebeba maharagwe ya mteja. Nilipotoka nikasikia viatu vyangu. Mwanangu, barabara ile siku ya Jumamosi hukuweza kusikia hata sauti yako mwenyewe, na sasa nasikia viatu vyangu. Nilihisi natazamwa. Niligeuka, nikaona madirisha yote yamefungwa. Lakini mtu aliyeingoja siku yake kwa muda mrefu hujitafutia maelezo. Nikajiambia labda kuna mazishi ya mtu mkubwa, watu wote wako kanisani.

Kwa Mama Masika sahani zilikuwa mezani, mvuke unapanda. Tonge la fufu lilikuwa limemegwa, likaachwa ukingoni mwa bakuli. Nikavuta kiti, nikakaa kwa adabu kungoja. Ndipo mkono ukanishika mguu.

Sauti ilinikataa, la sivyo ningepiga kelele. Alikuwa Mama Masika, ametambaa kutoka stoo hadi chini ya meza.

"Mwalimu, inama," alinong'ona. "Hapana kusema."

Akanivuta ndani. Gizani, kati ya magunia ya makaa, watu walikuwa wamejaa, wamechuchumaa kimya. Niliwafahamu. Wazazi wa wanafunzi wangu, mwenye duka la sabuni, na Papa Kambale, utepe wa kupimia bado shingoni. Alikuwa amesikia miguu yangu akadhani ni askari, akakimbilia hapa kwa njia ya nyuma. Mama mmoja aliweka kiganja karibu na mdomo wa mtoto wake. Na ukutani, kati ya mbao, palikuwa na ufa. Nilichungulia. Niliona barabara yote niliyoipita.

Kisha buti zikaingia mgahawani.

"Hii chakula iko moto," sauti ikasema. "Batu beko karibu."

Mtoto akajinyoosha, akaanza kulalamika kidogo. Mama Masika akasimama, akachukua kikapu cha makaa, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Tulimsikia akiwasalimu. Wakamuuliza watu wako wapi.

"Balikimbia. Mie miguu inakatala. Mukae, batoto yangu, niwape mboga."

Wakala. Mmoja wao aliimba taratibu wimbo wa Misa, ule tuliouimba sisi kila Jumapili, na aliimba vizuri. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Kisha akamuuliza mama kama haogopi kubaki peke yake.

"Siko peke yangu," Mama Masika akajibu. Ndani tukaacha kupumua. "Mungu iko."

Viti vikasogezwa, na buti zikaondoka kuelekea barabara ya Beni.

Alipotufungulia, hakuna aliyeweza kumshukuru, maana alianza yeye.

"Mulimuona mwalimu wa batoto yenu anapita barabara yote, na hakuna mutu alimwita?"

Papa Kambale akainamisha kichwa, akasema aliogopa.

"Hata mie niliogopa," Mama Masika akamwambia.

Kisha akanipashia samaki, nami nikala, wote wakinitazama. Sikuwachukia, mwanangu. Tuliendelea kuishi pamoja, na watoto wao nikawafundisha kusoma.

Lakini shika haya. Mahali palipozoea kelele pakinyamaza ghafula, usipatafutie maelezo mazuri kwa sababu unapenda safari yako. Simama, rudi. Na ukiwa wewe ndiye uliyejificha, ukamwona mwenzako anapita bila kujua, mwite. Kwa kunong'ona, kwa mkono, kwa chochote ulicho nacho. Usingoje woga uishe, hautaisha.

Mungu akulinde katika barabara zako zote, mwanangu, na siku utakayopita bila kujua, akuwekee mtu wa kukuita.