Ngata ya Kardani

Pikapu ya Mama Vénantie ilisikika kabla ya kuonekana. Ilipanda kilima cha Kibabi ikinguruma kutoka tumboni, na Bayingana, aliyekuwa mbele ya garaji yake akipangusa funguo kwa kitambaa, hakuhitaji kuinuka.

"Palie," alijisemea.

Palie ndiyo inayoshikilia katikati ya kardani, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini hadi magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna rulma, yaani beringi, na rulma imezungukwa na mpira. Mpira ukichanika, kardani hucheza na kugonga chini ya gari mpaka abiria ashike meno yake.

Gari lile alilijua tangu ujana. Lilikuwa la marehemu mume wa Vénantie, na fundi wake alikuwa mzee Kanyamibwa, yuleyule aliyemfundisha Bayingana kazi. Enzi hizo malisho ya Kirolirwe yalijaa ng'ombe hadi kwenye ukingo wa barabara. Pikapu ilishuka kila asubuhi na bidoni za maziwa, Jumamosi ikabeba maharusi, Jumapili ikabeba korali ya kanisa, na aliyekwama njiani hakupitwa. Kanyamibwa naye alimwambia mteja ukweli hata pale ukweli ulipomkosesha kazi. Siku hizi fundi akishindwa hulaumu spea, akanawa mikono, akaenda zake. Bayingana aliwachukia mafundi wa namna hiyo, na hakuficha.

"Papa Bayingana, nimekuletea mugonjwa," Vénantie alisema akishuka. "Mutoto wangu wa Goma anasema niuzishe chuma tu, nipumzike. Tumesikilizana hivi: Hubert anakuja kesho. Kama saa sita inafika na gari iko inatetemeka bado, ataikata. Kama imepona, inabaki kwangu."

"Umeahidi, Mama?"

"Nimeahidi. Unanijua."

Alimjua. Huyo Hubert pia hakuwa mgeni kwake: mtu wa kununua magari yaliyochoka, kuyakata kwa moto na kuuza vyuma. Bayingana alilitazama lile bodi jekundu lililopauka, akahisi kana kwamba ameambiwa kesho watabomoa kanisa.

Vénantie alimkabidhi palie mpya iliyotoka Goma. Alipokuwa ameshafika barabarani aligeuka, akapaza sauti: "Na ngata, Papa! Ngata usisahau!"

Kwenye kiti cha mbele palikuwa na ngata, ile duara ya majani makavu ya mgomba ambayo wanawake huweka kichwani chini ya mzigo. Bayingana alitabasamu. Mama huyu, gari liko mahututi naye anawazia ngata! Aliikung'uta vumbi, akaitundika kwenye msumari, mahali salama.

Kisha akaingia kazini. Alizuia magurudumu kwa mawe, akainua nyuma kwa kriki, akachora alama ya chaki kwenye viungo vya kardani ili kila kipande kirudi kilipotoka. Alipolegeza boliti za palie aliona ni ndefu kupita kawaida. Zilipotoka, vipande viwili vya chuma, vinene kama kidole cha mwisho, vilianguka kifuani pake. Vilikuwa vimekaa kati ya palie na chasi.

"Kazi ya fundi wa njiani hii," alisema kwa dharau, akavirusha nyasini. Akatafuta boliti fupi zinazofaa. Palie ya zamani aliitoa kwa nyundo na kipande cha mti, taratibu, akaingiza mpya, na kabla jua halijazama kila kitu kilikuwa kimekazwa.

Kesho yake yeye na Vénantie walipakia bidoni za maziwa, wakalijaribu gari. Kwenye tambarare lilienda vizuri. Kilima kilipoanza, mtetemo ukarudi, mkali kuliko wa jana. Waliporudi garajini, Hubert alikuwa amekwisha kufika, mikono mfukoni.

"Mama, hii haiko mugonjwa tena," alisema. "Hii iko maiti. Munachelewesha maziko tu."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Bayingana: palie ya Goma ni ya uongo. Nani angembishia? Spea za uongo zimejaa sokoni. Aliona aibu kwamba jibu hilo limemjia upesi hivyo.

"Palie iko muzuri," alisema. "Kosa iko yangu, ila sijaiona bado."

Vénantie alimkazia macho. "Ngata uliweka?"

"Niliitundika kwa musumari, Mama. Haina hata vumbi."

"Ulitundika nini?"

"Si ni ngata yako? Ile ya kichwa."

Vénantie alishika mlango wa gari, akacheka mpaka machozi. "Yesu wangu! Ngata ya kardani, Papa! Kanyamibwa alipoongeza springi za nyuma ili gari ipite juu ya matope, kardani ilipinda. Akaweka vyuma viwili pale juu ya palie, ishuke kidogo. Aliniambia, Mama, hii nayo inabeba muzigo, inaomba ngata. Wewe ulikuwa Walikale na malori yako, njo sababu nikakukumbusha!"

Bayingana alitazama kule nyasini. Kazi ya mwalimu wake ilimwangukia kifuani, naye akaitupa.

"Nilivitupa," alisema, mbele ya Hubert, bila kushusha sauti.

"Saa sita inakaribia," Hubert alisema.

Vénantie aliangalia simu. "Bado dakika makumi ine. Ahadi ni saa sita, haiko mbele."

Bayingana alipiga magoti nyasini. Kipande kimoja alikipata. Cha pili hakikuonekana, na muda ulikuwa ukienda. Alipanga rondela, vile vyuma vya duara vyenye tundu, moja juu ya nyingine, akazipima kando ya kile kipande. Sita zilitosha. Akarudisha zile boliti ndefu, akakaza kwa nguvu zake zote.

Walipanda kilima tena. Vénantie alishika usukani. Kona ya kwanza, ya pili, pale penye mawe. Kilichosikika ni vifuniko vya bidoni tu vikigongana nyuma.

"Kanyamibwa angekupiga," Vénantie alisema.

"Angenipiga, Mama. Na ningestahili."

Garajini, kabla ya saa sita, Hubert alitazama saa yake, kisha gari, kisha Vénantie.

"Samahani, Papa," Vénantie alimwambia. "Leo hakuna chuma."

Hubert alijikuna shingo. "Shida moja, Mama. Motari aliyenileta na pikipiki nilimurudisha. Nilijua nitarudi Masisi ndani ya hii gari, ikiwa yangu."

"Panda nyuma basi, ukae na maziwa," Vénantie alisema, akiwasha injini. "Na ushike ile bidoni ya kona. Ikimwagika, njo wewe nitakatakata."