Jina la Baba Mkwe

Herieth hakuwa na utulivu tena tangu Nuria, mwenzake kazini, alipompimia mwanawe kwa maswali ya usonji na majibu yakasema mtoto ana dalili. Kazi yao wawili ndiyo hiyo: kuzunguka Kibaha na Kisarawe, kumuuliza mzazi mmoja maswali yale yale, kila mmoja kwa siku yake, waone kama majibu yanalingana. Yasipolingana, maswali hayaaminiki. Na Herieth, Mungu amsamehe, alikuwa anaomba yasilingane.

Basi siku hiyo, zamu ya Nuria, wako wote Kisarawe kwa mzazi mmoja, Mwanamvua. Wiki iliyopita Herieth alimuuliza kama mtoto anageuka akiitwa, naye akasema anageuka hapo hapo. Leo Nuria akataka kuona kwa macho yake.

"Abdala!" akaita. Mtoto kimya, anachimba mchanga. "Abdala wee!" Wapi!

Mwanamvua akacheka. "Dada, hilo jina la baba mkwe wangu, mimi nalitamkaje? Hapa tunamwita Babu." Akapaza sauti, "Babu!" Mtoto huyoo, mikono mchanga mtupu.

Jamani, Herieth alitaka kuruka! Mwanawe naye karithi jina la mzee Sospeter, baba mkwe wake wa Mbeya, na kwa kina Lusajo, mumewe, mkamwana halitamki jina hilo ng'o. Nyumbani mtoto ni Baba. Nuria alimpima kwa kuita Sospeter!

"Umenitia presha ya bure," alimwambia Nuria njiani. "Maswali yenyewe ya ovyo."

"Hilo moja lina kasoro, tutalisema. Lakini yale mengine, Herieth..."

"Niache bwana!"

Njia nzima hadi nyumbani Misugusugu alimhimiza dereva wa bodaboda mpaka yule kijana akamuuliza kama kuna msiba. Herieth kutwa yuko kazini, akirudi mtoto amelala. Leo angefika mapema.

Alimkuta mama mkwe, anayemlelea mtoto, anamenya ndizi barazani, na mtoto pembeni anazungusha kifuniko cha sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Akamgeukia mtoto. "Baba!" aliita. Kifuniko kilizunguka. "Baba! Baba wangu!" Akachuchumaa karibu kabisa, akaita tena. Kifuniko kililala, mtoto akakiinua, akakizungusha upya.

Mama mkwe akaweka kisu chini. "Hata mimi hanigeukii, mwanangu. Siku nyingi sasa. Niliogopa kukwambia."

Herieth alilia pale pale, bila kujificha. Alipomaliza alijifuta kwa khanga, akapiga simu kliniki kuomba miadi. Dada wa mapokezi akauliza jina la mtoto.

Herieth akamtazama mama mkwe.

"Litaje tu," mama mkwe akasema. "Wasije wakamkosa."

"Sospeter," akasema. Yule dada hakusikia vizuri, ikabidi aliseme tena kwa nguvu, na mtoto wake hakugeuka.