Mbegu za Kupeleka

Jiko la Bi Stefania wa Mitole lilikuwa jeusi kuliko dhambi. Kibanda cha udongo, mafiga matatu, na juu yake mahindi ya mbegu yakining'inia kwenye moshi mwaka mzima ili wadudu dumuzi wasiyaguse. Mama yake ndiye aliyempa mbegu hiyo siku alipoolewa, kama naye alivyopewa na mama yake.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mwanawe, Kornelio, akapata vijisenti kwa kuuza mitumba Kilwa Masoko, akamjengea mama nyumba ya bati yenye dari jeupe na makochi sebuleni. Padri alipokaribia kuja kuibariki, Kornelio akaona kile kibanda kinamwaibisha mbele ya Mungu, akakibomoa. Mungu, ambaye mwanawe alizaliwa zizini, hakuulizwa.

Mama akanunuliwa jiko la mkaa, apikie uani. Mahindi yakatundikwa sebuleni, kati ya picha ya Bikira Maria na kalenda ya msichana anayetangaza sabuni. Wageni wakayasifu. Tusimwonee Kornelio peke yake: Stefania naye sifa zile zilimkolea.

Mvua zilipokaribia, mkewe Kornelio, Brigita, akakuta unga kwenye kochi. Akadhani kuna mtu amemwaga poda. Stefania akainua macho, akayashusha mahindi, akayabonyeza moja moja. Mengi yalikuwa yameshaliwa ndani. Machache tu yalikuwa mazima.

Kornelio akamtuliza kwamba mbegu za pakiti zimejaa dukani, zina hata picha. Mama akauliza kama ukizivuna unaweza kuzipanda tena. Akajibiwa kuwa muuzaji hashauri. Kila mwaka unanunua mpya.

"Kwa hiyo mjukuu wangu akitaka kulima, kwanza akapige hodi dukani?"

"Mama, huyo mjukuu hata hajazaliwa."

Brigita, ambaye tumbo lake siku hizo lilimtangulia mlangoni, alimtazama mumewe.

"Mama yangu hakunipa za kula wala za pambo, baba," Stefania alisema. "Alinipa za kupeleka."

Kesho yake Kornelio alirudi kutoka Masoko akakuta mafiga matatu katikati ya sebule yake, kuni zinafuka, na mahindi yaliyosalia yamefungwa kwenye dari lililoanza kugeuka rangi ya chai. Anayepuliza moto alikuwa Brigita, machozi yanamchuruzika. Mama alikuwa kwenye kochi, anamenya mihogo.

Kornelio alilalamika mpaka sauti ikamkauka, kisha akachukua panga akaenda kukata miti. Kabla ya Jumapili kibanda kilikuwa kimesimama tena, na kabla udongo haujakauka mahindi yalikuwa yamesharudi kwenye moshi.

Hakukijenga kwa ajili ya mbegu. Alikuwa anaokoa dari lake. Wajukuu watakaokula mahindi yale hawatauliza, na mahindi nayo hayasemi.