Gati la Mkamwana

Siku Benedicta alipoanguka ziwani mbele ya kijiji kizima, mtu aliyesimama karibu naye kuliko wote alikuwa baba mkwe wake, na baba mkwe huyo alitimua mbio.

Si kwamba mzee Isakwisa ni mwoga. Ni fundi wa kupaua, hutembea juu ya kenchi za nyumba kama wengine wanavyotembea uani. Lakini ni Mnyakyusa wa malezi ya zamani, na kwa malezi hayo baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, sembuse kushikana mikono. Vijana wengi wameshaachana na mambo hayo, na mchungaji wala hayataji. Isakwisa aliyashika tu, kimyakimya, kama alivyofundishwa na mama yake.

Benedicta angejulia wapi? Yeye ni Mbena wa Nyololo, na kwao baba mkwe husalimiwa "kamwene" akaletewa chai. Mumewe, Alinanuswe, alimpata huko alikokuwa akipakia mbao, akamwoa, akasahau kumweleza. Kijiji cha kina Alinanuswe kiko mbele ya Matema, kwenye Ziwa Nyasa, pale milima inaposhuka moja kwa moja majini na barabara inakata tamaa. Unafika kwa boti, na boti haigusi nchi kavu. Unakunja nguo, unaingia majini.

Basi wimbi likaipiga boti, Alinanuswe yuko nyuma na mizigo, na Benedicta akamwona mzee ufukweni ndani ya koti la kanisani. Akamnyooshea mkono kwa tabasamu pana.

"Baba, nishike!"

Isakwisa aliuona mkono, akauona na uso, akageuka akakimbilia kwenye mikakao, kiatu kimoja kikabaki mchangani. Benedicta akaenda chini pamoja na kapu la maparachichi aliyowaletea wakwe. Maparachichi yakaelea huku na kule, watoto wakayafuata wakishangilia.

Alielezwa mila hiyo usiku huohuo, akasikiliza, na haikumwingia. "Mila gani hiyo ya kumwacha mtu azame?" Alikuwa mjamzito. Siku chache baadaye alifunga mizigo, akasema kwa sauti iliyopenya ukuta kwamba atajifungulia kwao, na mwanawe hatamleta mahali ambapo mama yake anakimbiwa kama nyoka.

Isakwisa alikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Ilimuuma sana. Mjukuu wake wa kwanza angekulia Nyololo na kumjua babu kwa picha ya simu.

"Si umpigie tu, umwombe radhi, ukamshike huo mkono?" mkewe Esnath alimwambia. "Dunia haitapasuka."

"Mke wangu, ningeweza ningefanya. Miguu yenyewe ilikimbia."

Alikaa siku kadhaa bila raha. Mwisho akaona kwamba kama yeye habadiliki, ufukwe unaweza kubadilika. Kungekuwa na njia ya kutoka botini hadi nchi kavu, yenye mahali pa kujishikia, Benedicta asingehitaji mkono wa mtu. Akachukua nyundo.

Gati la kwanza lilidumu mpaka upepo wa kwanza wa maana. Kijiji kikapata la kusema. "Mzee anajenga barabara ya Malawi," walimtania, na wengine walimwuliza kama pasi ya kusafiria itahitajika. Akacheka nao, akaanza upya. Safari hii alizamisha nguzo za mkaratusi kwa kina zaidi, akaacha nafasi kati ya ubao na ubao ili wimbi lipite bila kugombana na mtu. Reli za pembeni alizipima kwa kumsimamisha Esnath, mpaka Esnath akalalamika kwamba ugali unaungua.

Mbao zilitoka Nyololo kwa mzee Bartholomeo, baba yake Benedicta. Siku Alinanuswe alipomweleza ni za nini, Bartholomeo alikwenda moja kwa moja kwa binti yake.

"Mkweo anajenga daraja lisilofika ng'ambo," alisema. "Eti usiloe miguu."

Benedicta alicheka mpaka kichanga mgongoni kikaamka.

Alirudi kabla ya mvua. Alishuka botini mwenyewe, mkono mmoja kwenye reli, mtoto mgongoni, akatembea mpaka nchi kavu na viatu vikavu. Isakwisa alikuwa mikakaoni, anachungulia. Benedicta alijua yuko huko, kila mtu alijua.

"Mama," alimwambia Esnath kwa sauti ya kusikika mbali, "mwambie baba ubao wa katikati unacheza."

Mzee hakuwahi kufurahia kukosolewa namna ile. Ubao ulikazwa jioni hiyohiyo.

Watu wa vijiji jirani waliona akina mama wakishuka bila kulowa, nao wakataka lao. Benedicta ndiye aliyezungumza na wateja na kuagiza mbao kwao Nyololo. Isakwisa na Alinanuswe walijenga. Kazi ikashika. Shida ilikuwa kwamba fundi mkuu na msemaji wake hawaonani. Benedicta alikuwa ameshajifunza kujifunika khanga usoni mzee akipita, na maneno yote yalipitia kwa Esnath.

"Mwambie baba wanataka ngazi." "Mwambie ngazi itaoza." "Mwambie baba wanaitaka hivyohivyo."

"Hivi mimi ni mke humu ndani," Esnath aliuliza siku moja, "au mnara wa simu?"

Halafu Esnath akaenda msibani Tukuyu, na Alinanuswe akafuata mbao. Siku hiyohiyo akafika mama Gloria, mwenye nyumba ya wageni Matema, ana haraka, anataka gati refu lenye mahali pa kukaa mwishoni. Mzee alikuwa barazani, Benedicta jikoni nyuma. Mama Gloria akazunguka nyumba kupeleka swali, akazunguka kuleta jibu, akazunguka tena, viatu vimejaa mchanga. Mwisho akasimama kwenye kona, jasho likimtoka.

"Jamani! Kampuni hii ni ya nani, niongee naye mmoja?"

"Ya baba," Benedicta alijibu kutoka jikoni.

Mzee Isakwisa alilisikia jibu hilo, akaona aibu. Alimwacha msichana yule aanguke, naye akarudi, na sasa anamkabidhi kila kitu kwa neno moja. Alitaka kusema ni ya mkamwana wangu. Neno likakataa.

"Mwambie si kweli," alisema. "Ni ya binti yangu."

Akajisikia mwenyewe. Baba gani anamkimbia binti yake? Hakuna aliyemlazimisha. Alivua kofia, akazunguka kona. Benedicta aliona kivuli, akawahi khanga kichwani.

"Acha, mwanangu. Usijifunike."

Khanga ikashuka. Walitazamana, na mzee akaanza kulia bila kujificha.

"Shikamoo, baba," Benedicta alisema.

"Marahaba, mama. Haya, sogeza kiti, huyu mgeni anataka gati la namna gani?"