Jina la Baba katika Kitabu cha Mheshimiwa

Kitabu cha maisha ya mbunge wetu wa zamani nilikitaipu mimi, katika ofisi ya kuchapa mjini Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kilinichosha mpaka kope. Kurasa kumi na moja kuhusu suti aliyovaa siku ya kuapishwa. Kila daraja alilijenga yeye. Hata mvua ilimsubiri afike ndipo inyeshe.

Nilivumilia mpaka sura ya zahanati ya Kamukuywa. Ati msingi aliuchimba kwa mikono yake. Jembe alilishika muda wa kupigwa picha tu. Waliochimba ni wanakijiji, na mawe ya ukingo yakamporomokea baba yangu. Nilikuwa darasa la nne, nimewapelekea uji. Nilimwona Mheshimiwa akitazama viti vya gari lake, akisema damu haitoki kwenye kitambaa. Baba akapelekwa kwa mkokoteni, akafia njiani. Mama alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na hilo la gari sikuwahi kumwambia.

Kwa hasira nikapachika sentensi moja: kwamba fulani, nikaandika jina kamili la baba, alikufa akichimba msingi huo. Nilijua Mheshimiwa hatasoma tena. Alichokagua ni picha zake tu.

Siku ya uzinduzi kule Bungoma nilikwenda na mama. Mheshimiwa akachagua kusoma sura hiyo hiyo. Akafika kwenye jina, akalisoma kwa sauti. Kwetu jina la marehemu likitajwa mkutanoni, jamaa zake husimama waonekane. Mama akasimama. Macho ya Mheshimiwa yakatoka kwake yakahamia kwangu, nami nikajua amemtambua mchapaji wake.

Akafunga kitabu, akatoa leso.

"Huyo alikuwa ndugu yangu," akasema. "Nilimbeba kwa gari langu mwenyewe. Alifia mikononi mwangu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama akaketi, akanishika mkono.

"Mimi waliniambia ni mkokoteni," akaninong'oneza. "Miaka yote najua alikufa peke yake. Si wewe ulikuwa hapo? Alimbeba kweli?"

Mheshimiwa alikuwa bado ananitazama. Nilimchukia kuliko siku ile ya mawe.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alimbeba."